Waliokaa Wamepanda

Jumatatu baada ya alasiri Bi Fawziya binti Hamdun alikuwa jikoni kwake Nizwa akichambua mchele, mwanawe Harub alipoingia kwa mlango wa nyuma akitoka mazoezini, nyayo zake zikiwa vidole viwili chini ya vigae.

Vigae havikupasuka. Vilimpisha mguu, vikajifunga nyuma yake, kama unga wa mandazi uliokandwa vizuri ukichomoa kidole. Harub alimwamkia mama yake, akafungua friji, akanywa maziwa ya laban mdomoni mwa chupa, jambo alilokatazwa tangu ana miaka sita. Bi Fawziya alimwangalia miguuni akamwambia avue viatu. Harub akajibu kwamba ameshavivua. Vilikuwa pale mlangoni, chini ya kizingiti, na akitaka kutoka atavivaa hukohuko chini.

Bi Fawziya ni mwalimu wa hisabati, mwaka wa ishirini na mbili huu, na hana tabia ya kubishana na kitu kabla ya kukipima. Alikwenda kuchukua rula yake ya ubao, ile ya mbao ya mita moja. Akamsimamisha Harub kwenye fremu ya mlango wa jikoni, pale alipokuwa akimpigia alama ya urefu kila siku ya kuzaliwa tangu ana miaka minne. Akachora mstari kwa penseli. Ulikuwa sentimita tatu na nusu chini ya mstari wa mwisho. Alama zote za zamani zilikuwa zimekwenda juu, na hii ya leo ilikuwa ya kwanza kurudi chini.

"Wenzako nao?" aliuliza.

"Wote, mama. Hata kipa, lakini yeye kidogo, kwa sababu hakimbii."

Akarudi kwenye mchele wake, lakini chuya hakuziona tena.

Sababu yake ilijulikana, na haikuwa uchawi wala jini, msije mkaanza kufukiza ubani. Ilikuwa kamati. Kuna ligi ya mpira ya vyuo, na katika kanda hii, ya Dakhiliya na Sharqiya, msimu ulikuwa umekwisha wiki ile. Chuo cha Falaj Mpya cha Nizwa, anakosoma Harub, kilitoka cha kwanza kwa pointi ishirini na sita. Chuo cha Wadi cha Ibra kilifuata kwa ishirini na nne. Cha tatu kilikuwa Chuo cha Bandarini cha Sur, pointi ishirini na tatu. Vyuo viwili huteuliwa kwenda Maskati kwenye mtoano wa taifa. Mtu mwenye akili zake angesema basi, wa kwanza na wa pili waende, sote tukalale. Kamati haikusema hivyo. Kamati, ambayo ni watu watano na birika la kahawa, ilisema wa kwanza na wa pili wakutane kwanza Ibra, siku ya Alkhamisi, kwenye fainali ya kanda. Bingwa atakwenda Maskati moja kwa moja. Nafasi ya pili kamati itaijaza yenyewe, "kwa kuangalia msimu mzima."

Hayo yalitangazwa Jumapili asubuhi. Tangu Jumapili hiyohiyo waliokuwa na mechi ya kucheza wakaanza kushuka, na waliokuwa hawana wakaanza kupanda.

Habari za waliopanda zililetwa na Taghreed, mdogo wake Bi Fawziya, aliyeolewa Sur. Alituma sauti kwa simu, bila haraka, huku anasikika anakata kitunguu. Alisema vijana wa Bandarini wamekaa majlisi, sebuleni kwao, wanakunywa kahawa na kutazama simu zao, na mkeka umeshanyanyuka shubiri mbili kutoka sakafuni, nao juu yake. Baladiya, halmashauri ya mji, imewaletea ngazi, kwa ajili ya usalama. Mume wake amekwenda kuwasalimia, akapewa mkono kutoka juu. Halafu Taghreed akauliza kama Nizwa nyanya zimeshuka bei.

Bi Fawziya alimsikiliza mara mbili, akampigia Aflah, mtoto wa kaka yake, anayekaa Manah. Aflah alimaliza uhandisi miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo amekaa kitandani nyumbani kwa baba yake akingoja kazi. Bi Fawziya alimwuliza kama naye amepanda. Aflah akainama akatazama. Hapana, shangazi, alisema, miguu ya kitanda iko palepale. Kumbe kukaa tu hakutoshi, inataka ukae kamati ikikutazama.

Na huyo Aflah ndiye aliyekuwa akimkosesha Bi Fawziya raha. Mtoto mzuri, ana adabu, ana shahada, na macho yake yamekuwa ya mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Harub atamaliza chuo Juni. Huko Maskati kwenye mtoano ndiko wanakokuja watu wa vilabu na mashirika na fomu zao mkononi, wakachagua wachezaji wakawapa kazi. Mwaka jana vijana wanne wa Falaj Mpya walikwenda wanafunzi wakarudi waajiriwa. Bi Fawziya hakutaka kikombe. Alitaka fomu moja, yenye jina la mwanawe.

Mji mzima ulikuwa unabishana. Kwa kinyozi walisema fainali ni heshima, ukishinda hapo hakuna wa kukugusa. Kwa muuza halwa walisema fainali ni mtego, mtembezi hula miguu yake. Marhoun, mumewe Bi Fawziya, alipiga simu kutoka kazini kwake Duqm, akasema wacheze washinde, maneno ya nini. Watu wa mbali siku zote huona njia imenyooka.

Jumanne alikuja kocha Khattab, na miguu yake haikuwa na kitu, kwa kuwa kocha hachezi. Wazee wake walitoka Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha bara, kimetiwa Kiingereza kama chai inavyotiwa sukari. Alikuwa amekonda kwa siku tatu. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasema, "Mama Harub, tukitreni tunashuka. Tusipotreni tutafungwa. Wewe ni mtu wa hesabu, hebu nisaidie."

Bi Fawziya alichukua karatasi ya mtihani wa darasa la nane, akaigeuza nyuma, akapiga hesabu. Wakishinda watakuwa wa kwanza, nao ni wa kwanza tayari. Wakifungwa watakuwa na doa, na Bandarini hawatakuwa nalo, kwa kuwa hawezi kufungwa Alkhamisi asiyecheza Alkhamisi. Kutokwenda hakuwezekani: kanuni inasema asiyefika kwenye fainali anafutwa miaka miwili. Alirudia tena kutoka juu, akiogopa amekosea alama. Hakuwa amekosea. Ukishinda unabaki pale ulipo, ukifungwa unaporomoka, na ukikaa nyumbani unanyanyuliwa. Alimpa Khattab ile karatasi. Khattab akaikunja vizuri akaitia mfukoni, kana kwamba ni dawa.

Jumatano adhuhuri timu nzima ilialikwa nyumbani kwa Bi Fawziya kwa dua na pilau. Walikuja vijana kumi na wanane, wamezama hadi vifundoni. Waliingia majlisi kwa hatua za mtu anayevuka mfereji wa falaj, wakaketi mkekani kuzunguka masinia. Khattab akakaa karibu na mlango. Nahodha, Muatasim, mtoto wa Nizwa asili na asili, alikaa katikati. Muatasim Kiswahili hajui hata neno, na zaidi ya nusu ya timu ni kama yeye.

Hawajaanza kula, akaingia Bibi Shukriya.

Bibi Shukriya ni mama yake Bi Fawziya. Ana miaka themanini na sita. Alizaliwa Malindi, Unguja mjini, na ijapokuwa amekaa Nizwa zaidi ya miaka hamsini, Kiswahili chake hakijatia mguu nje ya Malindi. Alikuja na mkongojo wake na buibui lake, na vijana wote kumi na wanane, waliofunzwa na mama zao, wakaanza kuinuka kwa heshima.

"Starehe, baba zangu," alisema Bibi. "Starehe, starehe."

Sasa hapo ndipo pa kusikilizwa. Kwa watu wa Unguja wa zamani, ukimwingilia mtu aliyekaa naye akataka kukuinukia, unamwambia starehe. Maana yake, heshima yako nimeiona, usijisumbue, kaa. Ni neno la mlangoni, halina zaidi. Lakini Muatasim alisikia Kiarabu. Alisikia *istiraha*, mapumziko, akamgeukia mwenzake akamwambia kwa sauti ndogo kuwa bibi mkubwa ameamuru timu ipumzike. Na Khattab, mtu wa bara, ambako starehe ni muziki na soda baridi na kutokwenda kazini kesho yake, alidhani ajuza anawatukana, anawaita wapenda raha. Akainamisha kichwa.

Vijana wakaketi. Na walipoketi, mkeka ukanyanyuka vidole vinne, na masinia yake, bila kumwaga punje.

Khattab alitazama pengo kati ya mkeka na vigae. Akatoa ile karatasi ya hesabu mfukoni, akaitazama nayo. Halafu akamwuliza Muatasim, aliyemwona ananong'ona, yeye kasikia bibi kasema nini, Muatasim akamwambia, na uso wa Khattab ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alisema khalas, mama mkubwa ametoa amri. Leo hakuna mazoezi. Watakaa hapahapa, kama Mama Harub ataridhia, mpaka basi lije kesho adhuhuri.

Wote wakamtazama Bi Fawziya.

Yeye alijua. Alizaliwa ndani ya neno lile, alilisikia mlangoni kila siku ya maisha yake. Angeweza kusema, jamani, mama anawaambia msimwinukie tu, kuleni mwende mkacheze mpira wenu. Ingemchukua pumzi moja. Lakini miguu ya mwanawe ilikuwa juu ya sakafu, yote miwili, visigino vinaonekana. Bi Fawziya alisema ahlan wa sahlan, nyumba ni yao, akaenda kuongeza pilau.

Bibi Shukriya hakusikia kitu katika hayo. Sikio lake moja halifanyi kazi, na lile jingine alikuwa amelielekeza kwenye kachumbari.

Vijana walikaa. Waliswali kwa zamu, kila mmoja akashuka mkekani na akarudi, na walilala wameegemea mito. Asubuhi ya Alkhamisi Bi Fawziya alipitia na rula yake kimyakimya. Sakafu yote walikuwa wameikomboa na wamezidi. Harub alikuwa sentimita nane juu ya vigae, na hata aliposimama hakugusa chini, alitembea hewani kama mtu anayetembea juu ya godoro. Bi Fawziya alifurahi mpaka akaona haya. Alichora mstari mpya kwenye fremu ya mlango, juu ya yote, akatia tarehe.

Walikwenda Ibra, vijana kwa basi, Bi Fawziya kwa gari lake. Bibi Shukriya alikaa kiti cha mbele, kwani alikataa katakata kuachwa. Njia nzima Bi Fawziya alisoma dua na kushika usukani kwa mikono miwili. Bibi alikula embe mbichi zenye chumvi, akasema vijana wa siku hizi wazuri, wanajua kuinuka.

Mpira ulianza saa kumi na nusu. Vijana wa Wadi walikuwa wamefanya mazoezi kila siku ya wiki ile, kwa hiyo walikuwa ndani ya nyasi hadi kifundoni, lakini walikuwa wameshauzoea ushukaji wao, na walikimbia humo kama watu wanaokimbia kwao. Falaj Mpya walikuwa juu. Walikuwa wazuri kuwatazama, safi, nyayo zao zimeinuka sentimita nane kutoka kwenye majani. Tatizo ni kwamba mpira ulikuwa chini. Muatasim alipiga hewa. Kipa alipiga hewa. Dakika ya kumi na mbili winga wa Wadi aliukokota mpira upande wa kushoto, kwenye njia ya Harub, na Harub akaufikia, kwa wakati, mguu wake wa kulia ukiwa mahali hasa panapotakiwa, na mpira ukapita chini ya kiatu chake. Bi Fawziya aliona nuru kati ya soli na nyasi. Alikuwa ameipima mwenyewe nuru ile. Wadi moja, Falaj Mpya bila.

Aliitazama ile nafasi aliyoifurahia asubuhi.

Kwa kuwa walikuwa wanacheza, wakaanza kushuka. Dakika ya thelathini walibakiwa na vidole viwili. Dakika ya arobaini walikuwa sawasawa na ardhi, kama watu wote wa kawaida, na kuanzia hapo kwa robo saa hivi, dakika chache kabla ya mapumziko na chache baada yake, Falaj Mpya walicheza mpira ambao hata watu wa Ibra waliacha kutafuna. Harub alipanda na mpira ubavuni, akampita mmoja, akampita wa pili, akautia kati, na Muatasim akaweka kichwa. Sasa ni bao moja kwa moja. Khattab alikaa chini pale kwenye mstari akafunika uso.

Bi Fawziya aliomba dua mwamuzi apulize hapohapo. Dua ile haikuwa na nafasi ya kukubaliwa, dakika thelathini zilikuwa zimebaki, na katika dakika hizo hakuna aliyekaa. Wote wakashuka, wa Wadi na wa Falaj Mpya, kifundo, kisha muundi, kisha karibu na goti. Mpira ulikuwa unawapiga mapajani. Mwamuzi na wasaidizi wake walibaki juu ya nyasi, wakikimbia kwa wepesi. Dakika ya themanini na tatu mpira ulitambaa polepole mbele ya goli, mpira ambao mtoto mdogo angeuzuia. Harub alitaka kupeleka mguu, na mguu ulikuwa chini umeshikwa. Mpira ukampita unatambaa. Wadi mbili.

Walipotoka uwanjani walitoka wakisukuma nyasi kwa magoti. Kikombe alipewa nahodha wa Wadi, na mgeni rasmi aliinama sana kumfikishia.

Njiani kurudi Bibi Shukriya alikula embe zilizobaki mpaka wakaipita njia panda ya Sinaw. Halafu akauliza mbona vijana walianza mpira wakiwa angani.

"Walikaa, mama," alisema Bi Fawziya. "Walikaa kwetu tangu jana."

"Nani kawaambia wakae?"

"Wewe. Uliwaambia starehe."

Bibi alikunja mfuko wa embe, akauweka mkobani.

"Starehe huambiwa mtu aliyekwisha kuinuka," alisema. "Haambiwi mtu ili asiinuke. Na wewe hilo unalijua."

"Ninalijua, mama."

"Ukanyamaza."

Bi Fawziya alisema ndiyo, alinyamaza. Bibi alishusha kioo kidogo apate hewa, na gari likaendelea.

Jumapili kamati ilikutana, ikanywa kahawa, ikatoa karatasi. Wadi ni bingwa na itakwenda Maskati. Nafasi ya pili wamepewa Bandarini. Maelezo yaliandikwa kwa lugha nzuri. Yalisema Falaj Mpya wamefanya msimu wa kupongezwa, ila wameonyesha udhaifu katika siku zake za mwisho, ilhali Bandarini hawakupoteza mchezo wowote tangu msimu ulipokwisha. Falaj Mpya watapewa cheti cha ushiriki.

Taghreed alituma sauti kutoka Sur. Mkeka wa Bandarini ulikuwa umefika dari, alisema, na ngazi ya baladiya haikutosha, ikabidi waletwe watu wa zimamoto. Vijana wameteremshwa mmoja mmoja, wengine miguu imekufa ganzi kwa kukaa. Kocha wao alihojiwa na televisheni akasema siri ya mafanikio ni kujituma. Taghreed alicheka kidogo, halafu akakumbuka, akasema, "Dada, nisamehe."

Khattab aliandika barua ya kupinga, akaambatisha ile karatasi ya mtihani yenye hesabu. Alijibiwa baada ya siku mbili. Kamati ilikubali kwamba hesabu ni sahihi. Hata hivyo fainali ya kanda itabaki, kwa sababu inaongeza hamasa, na mfadhili ameshatia saini kwa miaka minne.

Jioni ile ya Jumapili, karatasi ilipotoka, Harub alikuwa amekaa jikoni, magoti yake usawa wa vigae, anamenya vitunguu kwa kuwa mikono yake ilitaka kazi. Bi Fawziya aliketi mbele yake. Alikuwa amepanga maneno tangu njia panda ya Sinaw, na yote yakamtoka bila mpango. Alimwambia kwamba siku ile ya pilau alijua neno la Bibi lina maana gani, kwamba angewasahihisha na hakufanya, kwamba zile sentimita nane za bao la kwanza ni zake yeye. Alisema alikuwa anaogopa. Anaogopa mpaka sasa. Kila akimfikiria Aflah, anamwona yeye.

Harub alimenya kitunguu kimoja mpaka kikaisha.

"Mimi pia nilijua, mama," alisema. "Neno hiyo bibi ananiambia kila siku. Nilinyamaza kwa sababu nilichoka kuwa chini."

Bi Fawziya hakumsahihisha ile *hiyo*. Walikaa hapo wakilia kidogo, na vitunguu vilikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kueleza.

Ijumaa baada ya sala aliwaita tena. Hawakuja wote, wengine wana aibu. Alikuja Khattab, alikuja Muatasim na wachezaji sita, na Aflah alitoka Manah kwa gari la baba yake. Wakati huo mji ulikuwa umeshawazoea. Imamu alikuwa amesema sala ya aliyezama ni sahihi mradi aelekee kibla. Fundi wa chuo alikuwa amepunguza miguu ya meza nane za maktaba. Kwenye ofisi moja Harub alikokwenda kuuliza kazi, karani alimwambia kwa upole kwamba nafasi zipo, lakini kaunta yao iko juu.

Waliketi kuzunguka sinia. Aflah alikaa pembeni ya Harub, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa yeye mrefu. Mkeka ulikuwa umelala juu ya vigae kama mkeka mwingine wowote.

Bibi Shukriya akaingia na mkongojo wake.

Wote wakainuka. Khattab aliinuka, Aflah aliinuka, Muatasim na wenzake waliinuka kwa kushikana mabega. Harub alichelewa. Aliyezama hadi magotini hana pa kukanyaga, lazima avute mguu mmoja, auweke, avute wa pili, na wakati huo anashikilia ukuta. Wote wakamtazama Bibi waipate ile ruhusa. Hata Muatasim, aliyekuwa ameshafundishwa neno lile na maana yake, alikuwa amelingojea mdomoni mwa Bibi.

Bibi hakulisema. Alisimama mlangoni, mikono miwili juu ya mkongojo, akimwangalia mjukuu wake. Pilau lilikuwa linapoa.

"Bibi," alisema Harub, anahema, "leo huniambii starehe?"

"Sikwambii," alisema Bibi. "Inuka mpaka wishe. Nataka nikuone umesimama."

Harub akainuka. Ilichukua muda, na hakuna aliyemshika mkono, kwa kuwa Bibi aliwatazama wasimshike. Alipomaliza alikuwa amesimama wima, kifua mbele, jasho kwenye paji la uso, na kichwa chake kilikuwa sawa na kichwa cha ajuza wa miaka themanini na sita aliyepinda mgongo. Bibi Shukriya hakuhitaji kuinama wala kutazama juu. Alimtazama machoni, akamrekebishia kofia.

"Haya," alisema. "Sasa starehe."

Wakaketi wote. Mkeka haukunyanyuka. Wakala, na Khattab akaomba kuongezewa.

Baada ya chakula Bi Fawziya alileta rula, akamsimamisha Harub kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Alipotaka kuchora, alikuta mstari uko tayari. Ulikuwa wa zamani, wa kalamu ya bluu, na pembeni yake ameandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa ualimu: Harub, miaka tisa. Akatia tarehe ya leo mbele yake.